Mistari Yenye Jina la Limbu

Vijana niliowaachia chumba cha seva waliniomba, kabla sijakabidhi funguo, niwaandikie maelekezo ya nini cha kufanya pale mfumo unapokataza kifaa cha uchunguzi kufanya kazi yake. Nilidhani ni jambo la nusu ukurasa. Sasa nimekaa nyumbani hapa Bariadi, mstaafu mwenye muda wa kumwagilia mchicha asubuhi na jioni hata kama mvua imenyesha, na kila nikianza hiyo nusu ukurasa najikuta naandika habari za Limbu. Nimeamua kuandika vyote kwa pamoja. Anayetaka maelekezo peke yake atayakuta katikati, anivumilie.

Nilikuja huku nikiwa binti kutoka Kondoa, nimeajiriwa na kiwanda cha kuchambua pamba ambacho jina lake sitalitaja. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla meneja hajafika. Kazi yangu ilikuwa kuingiza uzito wa pamba kama karani wa mizani alivyouandika. Siku ya kwanza wakulima walinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", nami nikajibu "Nzuri". Walicheka mpaka mmoja akakaa chini juu ya robota la pamba. Karani akanifundisha kwamba mwangaluka hujibiwa kwa mwangaluka, na kwamba mtu asiyejua kusalimia huku hata mizani yake haiaminiki. Nililichukulia kama utani.

Mnaoingia leo mnakuta kiyoyozi. Sisi tulikuta vumbi la pamba. Liliingia kwenye nywele, kwenye chai, kwenye matundu ya kompyuta. Kila mwisho wa msimu nilifungua boksi la mashine nikatoa pamba ya kutosha mto wa mtoto, na kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa utaalamu wangu mkubwa. Kozi nilizopelekwa baadaye zilikuwa nzuri, lakini hakuna hata moja iliyofundisha kutoa pamba kwenye feni.

Limbu aliletwa wakati kiwanda kilipofunga mizani ya kupimia lori zima na kununua seva yake ya kwanza ya Linux. Alikuwa mtu wa Mwandoya, amesoma stashahada Mwanza, mrefu, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kusafisha feni. Mimi nilikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa cheo, naye aliniita dada tangu siku ya kwanza. Lakini aliyenifundisha kazi ni yeye. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu katika hotuba ya kuniaga walisema mimi ndiye niliyeijenga idara. Niliikuta imejengwa nusu, na mjenzi alikuwa Limbu.

Mpaka hapo nilikuwa fundi wa kuzima na kuwasha. Programu ikigoma, zima, washa. Ikigoma tena, zima kwa muda mrefu zaidi. Siku moja programu ya kuchapa risiti ilikataa, nami nikanyoosha mkono kwenye swichi. Limbu akaniwahi.

"Dada, tusibahatishe," alisema. "Tuiulize yenyewe inafanya nini."

Akaandika strace, akaweka namba ya programu ile, na skrini ikajaa mistari. Akanieleza taratibu huku tunakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Programu yoyote ikitaka kufungua faili, kusoma waya wa mizani au kutuma kitu kwenye mtandao, lazima iombe ruhusa kwa kiini cha mfumo. Strace hujipachika kwenye programu ikasikiliza maombi hayo yote, na pale inapokwama unaona ombi la mwisho lililokosa jibu. Siku hiyo ombi la mwisho lilikuwa kufungua folda iliyofutwa na mtu aliyekuwa akisafisha diski. Mtu huyo alikuwa mimi. Limbu aliona, akairudisha folda, akaniongezea chai.

Tulifanya kazi hivyo kwa miaka. Tulikuwa na taratibu zetu chache tulizoziandika ukutani, na mmoja niliusisitiza mimi: hakuna kuingia kwenye seva kwa jina la pamoja. Kila mtu aingie kwa jina lake, kisha ndipo achukue mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mfumo, kama anayahitaji. Mfumo hukumbuka aliyeingia mwanzoni, hata akishageuka kuwa root. Nilisema hivyo ndivyo tutakavyolindana.

Kisha makao makuu yetu ya Mwanza yakatuma mtaalamu wa nje aimarishe usalama wa seva za vituo vyote. Alikuja na gari zuri, akafanya kazi yake siku nzima bila kula, akaondoka. Aliwasha SELinux. Kwa ambaye hajakutana nayo: juu ya ruhusa za kawaida za mafaili, inaweka orodha ya sheria za programu ipi iguse nini, na sheria hizo zinamfunga hata root. Ni kitu kizuri. Limbu aliifurahia, alikuwa ameiomba muda mrefu. Lakini sheria nyingine huwashwa na kuzimwa kwa swichi ndogo ndogo, na mtaalamu yule hakutuachia maelezo ya swichi alizozigusa. Alituachia kadi yake ya biashara.

Msimu uliofuata programu ya mizani ikaanza kuganda. Lori likipanda mizani, uzito unasomeka, halafu skrini inasimama. Karani, akiwa na foleni imefika barabarani na madereva wanapiga honi, alibonyeza tena na tena. Programu ilipozinduka ilitoa risiti ya lori jipya kwa uzito wa lori lililotangulia. Ikatokea hivyo kwa malori mawili ya kijiji cha Nkoma, la kwanza dogo, la pili limejaa mpaka juu. Watu wa Nkoma wanajua pamba yao, waliibeba wenyewe kutoka shambani hadi ghalani. Viongozi wa chama chao cha ushirika wakaja getini na risiti mbili zenye uzito mmoja, wakauliza kwa upole ambao ulikuwa unatisha kuliko kelele: nani anapunguza?

Wiki hiyo mama yangu alifariki, nikaenda Kondoa. Limbu akabaki peke yake.

Alinipigia simu tukiwa tunatoka makaburini. Niliiona, nikaizima, nikasema nitampigia. Nilipompigia kesho yake simu yake haikupatikana. Nikadhani ni mtandao. Kumbe ilikuwa simu ya ofisi, na walikuwa wameshaichukua.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, kwa meneja na kwa karani wa mizani, na yalilingana. Limbu alifanya kama alivyonifundisha: hakubahatisha. Aliingia kwenye seva kwa jina lake, akachukua mamlaka ya root, akaita strace kwa namba ya programu ya mizani. Mfumo ukakataa. Akahakiki namba, akarudia, ukakataa. Akajaribu kifaa kingine cha uchunguzi, gdb, ukakataa. Malori yalikuwa yanaongezeka, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa, na pamba ikilowa hainunuliki. Akaendelea kujaribu asubuhi nzima, huku akitoka nje kuwaomba wakulima radhi na kurudi. Kila alipokataliwa, seva iliandika mstari: nani, kwa kifaa gani, alitaka kufanya nini kwa programu ipi, amekataliwa.

Mchana mkaguzi wa mifumo akafika kutoka Mwanza kwa sababu ya malalamiko ya Nkoma. Alifungua mistari ile, akakuta jina la Limbu limejaa ukurasa.

Nataka kumtendea haki mkaguzi yule. Mistari haikudanganya, wala yeye hakuisoma vibaya. Neno lililoandikwa pale lilikuwa ptrace, na ptrace ni uwezo wa kujipachika kwenye programu nyingine, kuisoma hata kuibadilisha ikiwa inafanya kazi. Mwenye uwezo huo juu ya programu ya mizani anaweza kubadilisha uzito. Alichokosa ni kujua jambo moja tu, kwamba fundi anayechunguza programu iliyoganda hutumia mlango uleule. Alimwita Limbu ofisini kwa meneja, Bwana Elisante.

"Ni wewe huyu?" alimuuliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini ndani ya programu ya mizani?"

"Naichunguza. Inaganda."

"Ulipokataliwa mara ya kwanza, kwa nini ulirudia?"

"Malori yalikuwa yanasubiri," Limbu alijibu.

Karani alikuwa mlangoni. Aliniambia Limbu hakupandisha sauti, na kwamba labda angepandisha ingesaidia. Wakamsimamisha kazi palepale, wakachukua simu na funguo. Halafu Bwana Elisante akatoka getini. Viongozi wa Nkoma walikuwa bado wamesimama, na watu wa kijiji cha Sapiwi nao wameshajikusanya. Alitaka kuwatuliza, si mtu mbaya. Akawaambia: "Wazee wangu, nendeni kwa amani. Mhusika amepatikana." Akina baba wakamwona Limbu akivuka geti kwa miguu, amebeba mfuko wake.

Niliporudi nilimkuta Bwana Elisante ana furaha ya mtu aliyemaliza tatizo, ingawa programu ilikuwa bado inaganda. Aliniambia habari za Limbu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya ugonjwa. Sikubishana naye. Niliomba saa moja na seva.

Haya ndiyo maelekezo mliyoniomba. Kifaa chako kikikataliwa, kwanza soma kimekataliwa kwa maneno gani. Ukiambiwa kitendo hakiruhusiwi, "Operation not permitted", angalia kama umeshika mamlaka ya root na kama kizuizi cha kawaida cha kiini, ptrace_scope, kimekazwa. Ukiwa root na bado unaambiwa "Permission denied", karibu kila mara ni SELinux. Usiizime yote. Najua wengi wenu mnaijua amri ya kuizima, setenforce 0, kuliko mnavyojua namba ya simu ya mama zenu. Ukiizima yote hujui ni sheria gani ilikuzuia, na kesho utakuwa palepale. Fungua kumbukumbu za ukaguzi kwa amri ya ausearch, omba zile za aina ya avc, yaani za kukataliwa, za siku hiyo tu, utafute mstari wenye jina la kifaa chako. Kisha mpe mstari huo audit2why, mfasiri wa kumbukumbu hizo, atakueleza sababu kwa sentensi fupi.

Mimi aliniambia kwamba swichi iitwayo deny_ptrace imewashwa. Ndiyo ile aliyoigusa mtaalamu wa Mwanza bila kusema. Swichi hiyo ikiwashwa hakuna anayejipachika kwenye programu ya mwingine, awe mwizi, awe fundi, awe root. Audit2why hupendekeza uizime kwa amri ya setsebool yenye -P, maana yake kwa kudumu. Ondoeni -P. Zimeni kwa muda wa uchunguzi, mkimaliza washeni, na hata mkisahau, seva ikizimwa na kuwashwa itajirudia yenyewe. Na kabla hujagusa swichi hiyo, mwambie mtu. Hilo halimo kwenye kitabu chochote. Nimeliongeza mimi.

Sikuigusa swichi bado. Nilikwenda kumwita Bwana Elisante, nikamvutia kiti mbele ya skrini.

"Bosi, unaniona vizuri mikono yangu?"

"Nakuona, Mwajuma. Vipi?"

"Naomba uangalie tu."

Nikaingia kwa jina langu, nikachukua mamlaka ya root, nikaita strace kwa namba ya programu ya mizani. Ikakataliwa. Nikarudia, ikakataliwa. Kisha nikafungua kumbukumbu. Mistari ilikuwa pale, mipya, ni ileile ya Limbu neno kwa neno, ila jina lilikuwa langu.

Bwana Elisante aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Sasa na wewe unaiba?" aliuliza, lakini sauti yake ilishajua jibu.

"Nachunguza kwa nini inaganda," nilisema. "Kama alivyokuwa anafanya yeye."

Hapo ndipo nikazima swichi mbele yake, nikaita strace mara ya mwisho. Mistari ikamiminika, halafu ikasimama kwenye ombi la kuunganishwa na anwani moja ya mtandao. Nilipoitazama anwani nikaitambua. Ilikuwa ya ofisi ya zamani ya Mwanza. Makao makuu yalikuwa yamehamia jengo jipya kabla ya msimu, na kila risiti iliyochapwa Bariadi ilikuwa inatuma nakala yake kwenye jengo ambalo halina mtu, inasubiri jibu, inachoka, ndipo inaendelea. Kilichohitajika kilikuwa kubadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Nilibadilisha, nikawasha programu upya, nikarudisha swichi mahali pake. Lori lililokuwa juu ya mizani lilipata risiti kabla dereva hajashuka.

Ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilikaa pale nikawaza kwamba Limbu alikuwa amebakiza sentensi moja ya audit2why kuufikia mstari ule, na kwamba kama wangemwachia saa moja ya utulivu angeifikia. Alijua zaidi yangu. Alikosa tu mtu wa kumsimamia mlangoni ili afikiri.

Bwana Elisante hakuwa mkaidi. Aliandika Mwanza siku hiyohiyo, wakafuta kusimamishwa kwake, wakakubali arudi. Nkoma nao walipigiwa upya hesabu zao kutokana na marobota yaliyokuwa bado ghalani. Nikamwambia jambo moja limebaki.

"Lipi?"

"Nenda Nkoma ukaseme si yeye. Na Sapiwi."

"Msimu unaisha, Mwajuma. Watu wametulia. Nikirudi kusema tena mizani, nitawaamsha upya. Barua yake ya kurudi kazini inatosha."

Nilimwomba tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwishowe nikaenda Nkoma mwenyewe, siku ya mkutano wa ushirika wao. Walinipa kiti na maji, wakanipa nafasi ya kusema. Nilieleza kwa Kiswahili chepesi, kijana mmoja akatafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Nilisema mashine ilikuwa inasubiri ofisi iliyohama. Nilisema Limbu alikuwa anaitafuta kasoro hiyo. Walisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha mzee mmoja, mwenye kofia ya mkulima bora, akanishukuru kwa Kisukuma na kuniita mama kwa heshima kabisa, "Wabeja, mayu. Tumesikia. Lakini wewe ni mwenzake, utasemaje vingine? Yule mkubwa wenu alisema mwenyewe pale getini amepatikana."

Maneno ya getini yalikuwa yametoka kwa mwenye mamlaka, na ya kwangu yalikuwa ya mwanamke wa kompyuta kutoka Kondoa.

Kutoka pale nilichukua gari hadi Mwandoya. Nilimkuta Limbu zizini, amevaa gambuti, anamshika ndama. Mke wake alinisalimia "Mwadila, mayu", nikamjibu, akanipeleka kivulini kwenye ukuta wa nyumba akaleta maziwa mgando. Limbu alinawa, akaja, akakaa.

"Dada, pole na msiba," alisema. "Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yalinipotea. Nilimweleza tu yote, swichi, anwani, mistari yenye jina langu. Nilipofika mahali pa anwani alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo, tabasamu la fundi.

"Ofisi ya zamani," alisema. "Nilihisi ni mtandao."

"Meneja anasema urudi."

"Anasemea wapi?"

"Ameandika. Barua ninayo."

"Watu wa Nkoma hakuwaandikia," alisema Limbu. "Aliwaambia kwa mdomo."

Akaendelea, akiangalia mikono yake.

"Mjomba wangu anaishi Nkoma, kaka yake mama. Kwake ndiko nilikokaa nikisoma shule ya msingi. Wiki iliyopita kulikuwa na msiba wa jirani yake, nikaenda. Aliniuliza mbele ya watu: 'Na ya kwangu ulipunguza?' Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu."

"Ulimjibuje?"

"Nilimwambia hapana. Akasema sawa. Tukala. Tangu hapo sijui kama aliniamini, dada. Na siwezi kumuuliza."

Mke wake alisimama akaingia ndani. Nikamwambia nitarudi Nkoma, nitakwenda na Bwana Elisante hata kwa kumburuta. Limbu akatikisa kichwa.

"Ningeweza kuingia kwa jina la mfumo siku ile," alisema. "Lile la pamoja, bado lilikuwepo. Hakuna ambaye angejua ni nani. Niliingia kwa jina langu kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana."

Hakusema kwa kunilaumu. Nimeligeuza neno hilo miaka yote na sijaona lawama ndani yake, na ndiyo maana limenikaa. Utaratibu ule ulikuwa sahihi. Bado ni sahihi, na mkiuacha nitakuja kuwasuta. Lakini niliuweka nikiamini kwamba mtu mwaminifu akiandika jina lake, jina litamtetea. Jina haliwezi kumtetea mtu. Kinachoweza ni mwenzake aliyesimama karibu siku linaposomwa, nami siku hiyo nilikuwa Kondoa nashika udongo wa mama yangu. Siwezi kujuta kwenda kumzika. Najuta tu kwamba mambo hayo mawili yaliangukia wiki moja.

"Barua niachie," alisema tulipoagana. "Mke wangu ataiweka."

Hakurudi. Makao makuu yalitoa nafasi yake kwa mwingine, kijana mzuri, mmoja wenu, na nilimfundisha yale niliyofundishwa. Bwana Elisante alihamishwa. Kabla hajaondoka alipita ofisini kwangu, akasimama mlangoni akaniuliza kama Limbu anaendeleaje. Nikamwambia ana ng'ombe na duka la dawa za mifugo. Akasema, "Afadhali." Halafu akasema, "Ningekwenda Nkoma." Nikasubiri amalizie, hakumalizia. Nadhani ndiyo ilikuwa sentensi nzima.

Kwa miaka iliyobaki, kila hitilafu ngumu ilipokuja, nilifikia mahali ambapo ningegeuka kumuuliza. Zipo nilizozitatua kwa siku nyingi ambazo yeye angezimaliza kabla chai haijapoa, na zipo ambazo hazikutatuliwa, tulinunua mashine mpya tukaziita zimekwisha. Mlidhani nazungumza peke yangu mle ndani. Nilikuwa namweleza yeye tatizo, kwa mpangilio aliopenda: inatakiwa ifanye nini, inafanya nini, ombi lake la mwisho ni lipi.

Baada ya kustaafu nilikwenda Mwandoya tena, safari hii bila barua. Duka lake limekua. Alikuwa nyuma ya meza anapima dawa ya kupe kwenye chupa ndogo, nywele zimeanza mvi, shati limepigwa pasi. Alifurahi kuniona, furaha ya kweli, akaagiza soda, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Hatukugusa kiwanda. Binti yake wa mwisho, Kabula, ndiye aliyekuwa anauza siku hiyo. Amemaliza kidato cha sita na anasubiri kuchaguliwa chuo.

"Shangazi, wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" aliniuliza akinifungulia soda.

"Kompyuta," nilisema. "Kule kiwandani."

Uso wake ukachangamka. "Mimi nimeomba kompyuta, Dodoma. Natamani ningepata mtu wa kunianzishia. Hapa nyumbani hakuna. Baba hajui kompyuta."

Niligeuka kumtazama Limbu. Alikuwa ameinua kikombe cha kupimia usawa wa macho, anaangalia mstari, anamimina taratibu bila kumwaga tone. Nilimsubiri. Alifunga kizibo, akafuta chupa kwa kitambaa, akaipanga na nyingine.

"Shangazi yako anajua sana," alimwambia binti yake. "Mwombe yeye."

Nikamwambia Kabula aje Bariadi wakati wowote, chumba kipo. Muda wa gari ulipofika Limbu alinishika mkono kwa mikono miwili, akarudi kwa wateja wake. Kabula akanisindikiza stendi. Njia nzima aliniuliza maswali, yote ya maana, na aliyauliza kwa mpangilio ninaoujua. Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia. Lakini habari ile ilikuwa ya Limbu, na alikuwa amechagua isikae nyumbani kwake.

Alinishikia mfuko mpaka nilipopata kiti. Akaniambia wabeja sana, shangazi, akashuka, akaenda zake dukani kwa baba yake asiyejua kompyuta.